Kinu Kisicholia

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kinu cha mpunga cha Luberizi. Siku ile ile mmoja wenu aliniuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini kila asubuhi tunapiga pipa tupu kabla ya kukoboa. Nilimjibu kwamba ni desturi. Lilikuwa jibu la uvivu. Pipa lile lina sababu yake, na kwa kuwa sasa mikono yangu haina kazi, nimeona niwaandikie ninyi mnaobaki.

Mishahara na vyeo nitaviruka. Mishahara mnaijua, na vyeo havikuwepo.

Nilifika kinuni nikiwa na miaka kumi na mitano. Kipindupindu kilikuwa kimewachukua baba na mama huko Uvira katika wiki moja, nami nilikuwa mkubwa kati ya watoto wanne. Niliacha shule katika mwaka wa kwanza wa sekondari, nikawaleta wadogo zangu Luberizi kwa mama mdogo, aliyekuwa na shamba la mpunga na chumba kimoja. Wa mwisho, Amani, alikuwa hajaanza kutembea. Nilimfunga mgongoni nikaenda kuomba kazi.

Fundi wa kinu alikuwa Papa Ndayi, Mrundi wa bonde la Ruzizi, Mkatoliki asiyekosa misa ya Jumapili na asiyeacha kuitukana motere, injini ya kinu, siku sita zilizobaki. Alinitazama, akamtazama mtoto.

"Weye unatafuta kazi ao unatafuta kitanda ya huyu mutoto?"

"Byote mbili, Papa."

"Bon. Shika ufagio."

Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kufagia pumba na kujaza maji kwenye pipa la kupozea. Motere yenyewe ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, ya pistoni moja, nyeusi, yenye gurudumu zito kuliko ng'ombe. Haikuwa na ufunguo. Iliwashwa kwa manivela, chuma kilichopinda ambacho unakichomeka ubavuni na kuzungusha kwa mikono miwili mpaka ishike. Papa Ndayi aliniambia mara mia: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke chuma, kwa sababu motere ikirudi nyuma inarudi na hicho kidole. Nilisikia mara tisini na tisa. Siku ya kwanza aliyoniruhusu kuwasha, motere ilirudi nyuma. Kidole gumba changu cha kulia kimepinda mpaka leo. Papa Ndayi alikifunga kwa kipande cha mkanda wa mashine, akasema, "Sasa motere inakujua," akanirudishia manivela.

Kila nilichojua baadaye nilikijua kwa masikio. Alinifundisha kuweka ncha ya turnevisi, bisibisi yake ndefu, kwenye chuma cha motere na mpini wake sikioni, nisikilize kila kiungo peke yake. Motere ile ilikuwa na mlio wake: tuku-tuku-tuku, halafu inaruka pigo moja kama mtu aliyejikwaa, halafu tuku-tuku tena. Nilitaka tutengeneze ule mruko. Papa Ndayi alikataa. Alisema motere isiyojikwaa haijulikani ni ya nani.

Na kweli, ilijulikana. Bonde lile ni tambarare na mlio ulikwenda mbali. Wanawake walisikia wakiwa mashambani, wakajitwika mpunga, wakaja. Wale wa Kiringye hawakuisikia toka kwao, lakini walipofika kwenye kona ya barabara walisimama kusikiliza. Wasiposikia kitu waligeuka bila kuja kutazama. Hakuna aliyeuliza kama kinu kimefunguliwa. Waliuliza, "Imelia?" Ikiwa imelia, kuna mchele. Ikiwa haijalia, kesho.

Amani alikua katika mlio huo. Mgongoni mwangu, nikiwa nimeegemea ukuta, alilala motere ikilia, na nilipoizima aliamka na kupiga kelele. Papa Ndayi alidai kwamba ndiye mtoto pekee wa Kongo aliyenyonyeshwa mazutu.

Utani ule ulikuja kuwa kweli. Papa Ndayi alipochoka aliniachia turnevisi na motere, na Amani alipokuwa kijana akaanza kutuletea mazutu kutoka Uvira, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, mbili kila upande. Kila barieri ya wanajeshi njiani ilikunywa kidogo. Wauzaji wengine walirudisha kilichonywewa kwa kuongeza maji. Amani hakuwahi. Alikuja na mazutu safi, akaimimina mbele yangu kupitia kitambaa cheupe, akasimama kama padri aliyemaliza kubariki. Alioa kwa mazutu ile, akajenga, akazaa. Nilijivunia. Wadogo zangu wengine wawili walikwenda mbali, mmoja mji wa Baraka na mwingine Bujumbura; Amani ndiye aliyebaki karibu, na kilichotuweka karibu kilikuwa bidoni.

Halafu ukaja msimu ambao barabara ilifungwa. Mlikuwa wadogo, lakini nadhani mnaukumbuka. Vita vilikata njia upande wa ziwani wakati mpunga ulikuwa umevunwa na kutandazwa juu ya shitingi, maturubai ya plastiki. Hakuna lori, hakuna pikipiki, hakuna mazutu. Motere ilikaa kimya wiki baada ya wiki. Mvua ilikuta mpunga nje na ndani, ukaanza kuota mizizi ndani ya magunia. Wanawake walitwanga kwa mikono mpaka viganja vikachubuka, na wale wanunuzi waliofika kwa miguu walichukua mpunga kwa bei ya majani. Nilikuwa na motere nzima, yenye afya, niliyoijua kuliko ninavyojijua, na haikuwa na faida kuliko jiwe. Sikusahau.

Ndiyo maana, barabara ilipofunguka na watu wa mradi wakaja kusema kwamba kinu kinaweza kuendeshwa na jua, niliwasikiliza. Walikuja kwa magari matatu, yote ya mazutu, wakatueleza ubaya wa mazutu. Mkubwa wao alikuwa Enjeniya mmoja kijana kutoka Bukavu, mwenye viatu safi na daftari. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, majaribio ya wiki nne: kontere, mita iliyo ndani ya sanduku la umeme, ingehesabu saa za kazi, na kama saa zingekuwa chache, pano, vile vioo vya kunasa jua, zingeng'olewa na kupelekwa kijiji kingine. Pili, tukifaulu, motere ya mazutu itobolewe, tundu la upana wa kidole gumba, isiwake tena.

"Kwa nini itobolewe?" niliuliza. "Si tunaweza kuiweka tu?"

"Mama, mradi hauwezi kutoa jua kwa mtu anayechoma mazutu."

"Na yale magari?"

Aliandika kitu katika daftari. Sikujua ni nini.

Siasa ilianza kabla pano hazijapanda juu ya paa. Afisa mmoja alifika kutuambia kwamba jua nalo linahitaji karatasi. Wenye mazutu wa sokoni walieneza habari kwamba mchele wa jua hauivi. Prezida wa koperative yetu, Papa Kashindi, mtu mwema anayeogopa kila anayezungumza kwa sauti, alikubaliana na wote. Amani hakueneza chochote. Aliacha tu kuja kula kwangu.

Tulitoa mkanda wa kuzungusha kikoboleo kwenye motere ya mazutu tukautundika msumarini, tukamwaga mazutu iliyobaki, pipa lake likabaki tupu. Motere ya jua ilikuwa ndogo, ya bluu, ningeweza kuibeba kwenye beseni. Iliwaka jua liliposimama vizuri, kama saa tatu asubuhi. Haikutoa moshi wala haikuomba maji. Kikoboleo kilikwaruza kama kawaida, lakini mkwaruzo ule haufiki hata barabarani. Tulikaa tukasubiri.

Hakuja mtu. Siku ya kwanza tulisema hawajajua. Siku ya tatu Papa Kashindi alianza kutembea huku na huku. Jumamosi Enjeniya alifungua sanduku, akasoma kontere, akatutazama kama daktari anayetazama familia.

"Wiki moja imekwisha," alisema. "Hii haifikii hata siku moja ya kazi."

Alipoondoka, Papa Kashindi alinivuta kando, akaniita Yaya, dada mkubwa, kama walivyoniita wote. "Yaya, turudishe mukanda. Batu hawataki jua."

"Batu hawajakataa. Hawajafika."

"Muntu asiyefika amekataa."

Tulitangaza kanisani, Wakatoliki na Waprotestanti. Wiki ya pili walifika wachache, wake wa wanakamati. Huko vijijini magunia yalikuwa yamejaa katika nyumba zote, na mvua ilikuwa inakaribia. Kama pano zingeondoka, tungerudi kwenye mazutu, na siku barabara ingefungwa tena mpunga ungeota magunia yakiwa yamefungwa. Niliiona wazi kama ninavyoona mkono wangu, na sikuelewa kwa nini wengine hawaioni.

Niliamua kwenda kuuliza. Njia ya Kiringye nilimkuta Mama Nabintu, mteja wetu wa miaka yote, akitwanga kwa mchi nyuma ya nyumba, jasho likimtiririka.

"Mama Nabintu, kwa nini unatwanga na kinu iko inafanya kazi?"

Alisimamisha mchi. "Iko inafanya kazi? Tangu lini?"

"Si walitangaza kanisani?"

"Walitangaza, minye nikasikia. Kesho yake nikafika mpaka kwenye kona, nikasimama, nikasimama. Haijalia. Nikasema bale batu ba mradi wametudanganya, nikarudi." Akacheka kwa uchovu. "Yaya, kinu isiyolia ni kinu gani?"

Nilirudi nikitembea haraka, nikijitukana kwa maneno ya Papa Ndayi. Maisha yangu yote nilifanya kazi kwa masikio, na nilikuwa nimewapa watu kinu bubu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ambacho sijapata kuandika popote. Nilikwenda kwa Amani kuomba mazutu.

Alikuwa anaosha pikipiki. Hakuinua kichwa.

"Nataka bidoni moja," nilisema. "Si ya kukobolea. Nataka motere ilie tu asubuhi, bila mukanda, watu wajue kinu iko wazi. Wakishazoea, basi."

Aliendelea kuosha tairi lililokwisha kuwa safi. "Yaya, nielewe vizuri. Unakamata mazutu kwangu minye, uite nayo batu, wakuje kwa jua, ili mazutu yangu ife."

"Ndiyo."

"Na unaniomba minye."

"Nimuombe nani? Wewe ndiye ulikuwa mgongoni mwangu."

"Usilete mambo ya mugongo!" Alitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Kila siku mugongo, mugongo. Minye niko na watoto. Watakula nini? Jua?"

Nilimwambia habari ya mpunga ulioota ndani ya magunia, naye alikumbuka, kwa kuwa wakati ule naye alikaa bila kazi kama motere. Niliondoka mikono mitupu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni pa kinu na bidoni.

"Usifikiri nimekubali," alisema. "Ila najua weye. Ungeenda kununua kwa wale ba sokoni, wanakuwekea maji, wanaharibu pompi ya Papa Ndayi. Leta kitambaa."

Nilizungusha manivela, kidole gumba upande mmoja na vingine. Motere ilikohoa, ikashika, ikalia: tuku-tuku-tuku, ikajikwaa, tuku-tuku. Kabla ya saa nne yadi ilikuwa imejaa. Ndani motere ya bluu ilikoboa bila kusema neno, nje ile nyeusi ililia bila kufanya kazi. Kontere ilipanda siku ile, na iliyofuata, na ya tatu. Papa Kashindi alitabasamu kwa woga. Sote tulijua kwamba Enjeniya akisikia mlio ule, majaribio yamekwisha. Lakini kwa kawaida Enjeniya alikuja Jumamosi tu.

Wiki ile alikuja Alhamisi.

Sikusikia gari lake, kwa sababu ya motere. Nilimwona akiwa tayari ameingia yadini, daftari mkononi, uso umebadilika. Alipita kati ya wanawake mpaka kwenye motere nyeusi.

"Mnachoma mazutu!" alipaza sauti. "Mnakoboa kwa mazutu na kutuonyesha jua!"

"Tazama mukanda uko wapi," nilisema.

Alitazama. Mkanda ulikuwa msumarini, na vumbi juu yake. Alipeleka macho kwenye gurudumu lililozunguka bure, kisha ndani, kwenye kikoboleo kilichotema mchele.

"Sasa hii inazungusha nini?"

"Inaita watu."

"Inaita?"

"Kama hailie tutajuaje?" Mama Nabintu alisema kutoka kwenye mstari, beseni kichwani. Wenzake walicheka. Enjeniya hakucheka.

"Sikilizeni. Mimi nitaandika ninachokiona, na ninaona mazutu inawaka. Kuna njia moja tu. Itobolewe leo, sasa hivi, mbele yangu, na nitasoma kontere peke yake. Kama sivyo, kesho gari linakuja kuchukua pano."

Papa Kashindi alinitazama. Wanakamati walinitazama. Wiki ile risasi zilikuwa zimesikika upande wa milimani, na kila mmoja alikuwa anafikiri jambo moja: siku watu wenye bunduki wakipita na kupenda pano zile, na motere imetobolewa, Luberizi haitakuwa na kinu cha aina yoyote.

"Yaya," Papa Kashindi alisema polepole, "weye ndiye unajua mashine. Sema weye, na sisi tutasema vile."

Hivyo ndivyo uamuzi wa koperative nzima ulivyowekwa kichwani mwa mtu aliyeacha shule mwaka wa kwanza wa sekondari. Nilifikiri hivi: pano zinaweza kuibwa. Mazutu inaweza kukosa kufika. Kitu kinachoweza kuibwa unaweza kukilinda. Kitu kisichofika huwezi kukifanyia lolote. Nilichagua kinachoweza kuibwa.

"Tutatoboa," nilisema.

Amani alikuwa amesimama karibu na pipa tupu, amekuja na bidoni ya siku ile. Alisema, bila kunitazama, "Zima kwanza. Usiitoboe inalia."

Nilifunga mazutu. Motere ilipunguza mwendo, ikajikwaa mara ya mwisho, ikanyamaza.

Hapo ndipo wanawake wote waliinuka. Wale waliokaa kivulini walisimama, waliokuwa katika mstari waligeuka, mabeseni yakarudi vichwani, mmoja akaanza kumwita mtoto wake waende. Ndani kikoboleo kilikuwa bado kinakwaruza, mchele wa Mama Nabintu ukimwagika, na Mama Nabintu mwenyewe alikuwa amekwisha fika kwenye lango.

"Wanakwenda wapi?" Enjeniya aliuliza. "Mashine inafanya kazi! Mama! Inafanya kazi!"

"Haijalia," nilimwambia.

Niliona uso wake ukielewa. Na niliona kontere yetu ikitoka langoni, beseni moja baada ya jingine. Nilishika manivela nikaanza kupiga nayo lile pipa tupu la mazutu. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, kwa haraka, ovyo. Wanawake walisimama, wakatazamana. Mmoja aliuliza ni nani aliyekufa.

"Si hivyo, Yaya," Amani alisema. "Si hivyo! Unapiga sawa na muntu anafukuza kima. Lete."

Aliichukua manivela mkononi mwangu. Alifumba macho. Tuku-tuku-tuku, akaruka pigo moja, tuku-tuku. Ulikuwa mlio wenyewe. Alikuwa ameulalia toka kabla ya kujua kusema, naye aliupiga bila kufikiri, midomo imekazwa, machozi yakishuka na asiyafute. Mama Nabintu aligeuka langoni. Alisikiliza kidogo, akarudi, akatua beseni lake mahali pale pale. Wengine wakafuata.

Amani alipiga muda wote nilipokuwa natoboa. Chuma cha zamani ni kigumu, na mashine ya kutobolea ilitumia umeme wa jua lile lile. Oili nyeusi ilitoka polepole. Nilipomaliza, Enjeniya alitaka kupima tundu, nikamwambia asubiri, nikaingiza kidole gumba changu. Hakikuingia vizuri, kwa kuwa kimepinda. Yeye aliingiza chake, akaandika.

Pano zilibaki. Mara moja ilitubidi kuzishusha zote na kuzificha chini ya majani ya mpunga mpaka waliokuwa wanapita wapite, nanyi mlizibeba pamoja nami, kwa hiyo hilo sihitaji kulieleza. Amani aliuza bidoni zake. Misimu miwili hakuingia yadini. Alibeba abiria, akajaribu ndizi, akashindwa, akalima, na mke wake aliuza vitu vya nyumbani ambavyo sitavitaja. Watu wa mradi waliandika kwamba Luberizi imefaulu. Hawakuuliza habari za aliyeleta mazutu, na sanduku lile halikuwa na kontere ya kumhesabu. Halafu asubuhi moja alikuja na mpunga wa shamba lake, kabla hatujafungua, akaketi juu ya gunia.

"Nimesikia munavyopiga hii pipa," alisema. "Haya. Munatia haya."

Tangu hapo nimemwacha apige anapokuwepo.

Yaliyobaki ni machache. Msilishe mpunga kwa pupa: motere ya bluu haikohoi kabla ya kufa kama ile nyeusi, inazima tu. Wingu likipita, punguzeni. Turnevisi ya Papa Ndayi iko kwenye droo ya kushoto, na inafaa hata kwa motere ya jua, ukiwa na subira. Manivela iko msumarini, mahali ulipokuwa mkanda. Jua likisimama, ipigeni kwenye pipa: tatu, ruka moja, mbili. Msisahau ule mruko. Mkikosea, watu watakaa nyumbani na kutwanga. Mkiwa na shaka mwulizeni Amani. Atawatukana kwanza, kisha atawaonyesha.